Mkono wa Mpimaji

Huku kwetu Kabambare, kuanzia Namoya hadi Salamabila, dhahabu ndiyo mazungumzo ya kila siku. Husifiwa mchimbaji aliyeuotea mshipa, husifiwa na tajiri aliyenunua. Mpimaji hana wa kumsifu. Nimemtazama mzee mmoja akiifanya kazi hiyo. Kwanza hufunga mlango, upepo usiguse vitanga. Njiti ya kiberiti, ndiyo jiwe lake la mizani, huku, vumbi la dhahabu kule, kisha hubana pumzi. Mizani ikitulia, bado haamini: huhamisha vya kulia kushoto, vya kushoto kulia, apime upya. Mwenye mali akimharakisha, humjibu kwa upole, "Ngoja, mwanangu, hii ni jasho lako."

Mkono wa namna hiyo ndio uliotupa gesi ya arigoni. Lord Rayleigh wa Uingereza alikuwa akipima nitrojeni, akaona ile iliyotengwa hewani inaizidi uzito ile iliyotokana na amonia, kwa takriban sehemu 1 katika 200. Mwingine angeisingizia mizani, akaenda kulala. Yeye alirudia, akabadili njia ya kuipata gesi, akarudia tena, tofauti haikuondoka. Mwaka 1892 aliandika katika jarida la Nature kuwaomba wanakemia msaada, na mwaka 1894 yeye na William Ramsay wakaitangaza gesi hiyo mpya.

Kumbe watu wote walikuwa wakiivuta puani, karibu lita 1 katika kila lita 100 za hewa, London na Kabambare sawasawa. Haina rangi wala harufu, na haitaki kuungana na kitu, nani angeijua? Henry Cavendish alikiona kiputo chake mwaka 1785, kikapuuzwa zaidi ya miaka 100. Leo mafundi wanaochomelea alumini huitumia kuikinga sehemu iliyoyeyuka isiguswe na oksijeni, na balbu za waya zilijazwa gesi hiyo ili waya udumu.

Sasa huku kwetu imeingia mizani ya betri. Huwekwa juu ya meza inayotikisika, feni ikivuma. Tarakimu zikitokea, biashara imekwisha. Chombo sikilaumu. Linaloniuma ni kwamba hakuna anayepima mara ya pili, na aliyeshinda shimoni hupunjwa bila kujua. Vijana nao hawaji tena kukaa kando ya wazee hawa.

Wazee wangu wenye mizani, msingoje waje. Mwiteni hata kijana mmoja, mfundisheni kubana pumzi.