Hii Ndiyo Marekani: Fumbo na Kionyeshi katika Video ya Wimbo

Tarehe 5 Mei 2018 mwimbaji na mwigizaji wa Kimarekani Donald Glover, ambaye katika uimbaji alijiita Childish Gambino, alitoa wimbo uitwao "This Is America" pamoja na video yake iliyoongozwa na Hiro Murai. Mwezi wa Februari 2019 wimbo huo ulipata zawadi nne za Grammy. Miongoni mwazo zilikuwamo ile ya rekodi ya mwaka na ile ya wimbo wa mwaka, zawadi mbili ambazo kabla ya hapo hazikupata kutolewa kwa wimbo wa rapu. Mengi yamekwisha andikwa juu ya video hii, na katika makala haya sina nia ya kuyarudia. Nataka kuuliza swali moja tu, nalo ni hili: je, fumbo la video hii linawatendea haki watu wale ambao linadai kuwasemea?

Kwa faida ya msomaji ambaye hakuiona, yafaa kueleza habari yake kwa ufupi. Karibu mambo yote hupita ndani ya ghala moja kubwa, kwa muda wa dakika nne hivi. Mtu mweusi aketi kitini akipiga gitaa. Nyuma yake amesimama Bw. Glover, kifua wazi, amevaa suruali ya kijivu na mikufu ya dhahabu. Ageuka, acheza kwa madaha mpaka alipo yule mpiga gitaa, ambaye sasa gitaa hana na kichwa chake kimefunikwa mfuko. Achomoa bastola na kumpiga risasi kichwani. Kijana mmoja aja mbio na kitambaa chekundu, aipokea bastola kwa uangalifu. Maiti yaburutwa sakafuni. Muziki wabadilika, na watoto waliovaa sare za shule waungana na mwimbaji katika kucheza. Baadaye mwimbaji aingia mahali inapoimba kwaya ya kanisa, arushiwa bunduki ya rashasha, awaua waimbaji wote, na bunduki nayo yapokewa kwa kitambaa chekundu. Ngoma yaendelea. Nyuma ya wachezaji watu wakimbia huku na huko, na farasi mweupe apita na mpandaji aliyejifunika kichwa. Mwisho mwimbaji aonekana gizani akikimbia, macho yamemtoka kwa hofu, na watu wamfukuza.

Tangu siku za kwanza watazamaji walishika kazi ya kufumbua alama moja moja. Farasi mweupe, walisema, ni yule wa Ufunuo wa Yohana, ambaye mpandaji wake ni Mauti. Mauaji ya kwaya ni kumbukumbu ya kanisa la Emanuel huko Charleston, ambako watu 9 waliuawa tarehe 17 Juni 2015. Suruali ikalinganishwa na sare za majeshi ya Kusini yaliyopigania utumwa, na hata sekunde za ukimya zikahesabiwa. Wahenga wetu walisema, "Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua." Hapana shaka wafumbuzi hawa ni werevu, na baadhi ya maelezo yao yana nguvu. Lakini orodha ya alama, hata iwe ndefu namna gani, haijawa maana. Mtu aweza kujua kila neno katika sentensi na asijue sentensi yasema nini.

Kwa hiyo tuanze na sarufi. Neno la kwanza katika jina la wimbo ni kionyeshi, na kionyeshi hakina maana kamili mpaka tujue kidole chaelekea wapi. Kiingereza humpa msemaji vionyeshi viwili tu vya umoja. Kiswahili humlazimisha mfasiri achague baina ya vitatu: hii, iliyo karibu na msemaji, hiyo, iliyo karibu na msikilizaji au iliyokwisha tajwa, na ile, iliyo mbali nao wote wawili. Tena hana budi kuchagua baina ya "ni" na "ndiyo." "Hii ni Marekani" ni habari apewayo mgeni asiyejua amefika wapi. "Hii ndiyo Marekani" ni jibu apewalo mtu aliyeshikilia kwamba Marekani ni kitu kingine. Kwa maoni yangu tafsiri ya pili ndiyo inayofaa, maana video nzima ni ubishi, na ubishi huo ni juu ya kidole.

Tazama jinsi picha zilivyopangwa. Mbele, katika mwanga na karibu na macho yetu, wamo watoto na mwimbaji wakicheza. Nyuma, mbali na kwa ukungu, zimo fujo, polisi na hofu. Kamera hufuata ngoma. Jicho nalo hufuata kamera. Ngoma yenyewe ni nzuri kweli. Imo humo Gwara Gwara ya Afrika Kusini, na aliyepanga uchezaji ni Sherrie Silver, mzaliwa wa Rwanda aliyekulia Uingereza. Furaha inayotumiwa kutuvuta ni furaha halisi ya watu weusi, nayo yatumiwa kutuziba macho tusione mateso ya watu weusi. "Hii" ni ipi basi: hii ya mbele tunayoifurahia, au ile ya nyuma tusiyoiangalia? Ufundi wa video umo katika kumfanya mtazamaji atende kosa lenyewe kabla hajaambiwa kwamba ni kosa. Naye mwerevu hakuokoka, kwa kuwa ahesabuye alama kwa furaha amepata ngoma yake nyingine ya kumshughulisha, na maiti ingali sakafuni.

Alama iliyo kubwa kupita zote haihitaji ufumbuzi wowote kutoka nje ya video, nayo ni kile kitambaa chekundu. Silaha yapokewa kama mtoto mchanga. Mtu aburutwa kama gunia. Mbele ya vitendo hivi viwili vilivyowekwa bega kwa bega, mtazamaji wa Kilwa na wa Chicago huelewa jambo lile lile, kwamba katika nchi hiyo haki ya kumiliki bunduki imetunzwa vizuri kuliko uhai wa mtu mweusi.

Hapa lakini pana hoja nzito dhidi ya video, nayo yataka kujibiwa. Huko Charleston aliyeua alikuwa kijana mzungu aliyeamini kwamba weupe ni bora. Alikwenda kanisani makusudi kuua watu weusi. Katika video mwuaji ni mweusi. Je, fumbo halikuufuta mkono wa mwuaji halisi, na kuwapa wabaguzi hoja yao ya siku zote, kwamba watu weusi huuana wenyewe kwa wenyewe? Katika kudai haki, jambo la kwanza ni kumtaja aliyetenda.

Jibu la sehemu ya hoja hii limo katika mwili wa mwimbaji. Anapopiga risasi ya kwanza amejipinda mgongo na kutokeza nyonga, na wengi wameona kwamba mkao huo wafanana na michoro ya kale ya Jim Crow. Jina hilo, ambalo baadaye lilipewa sheria za utengano katika majimbo ya Kusini, lilikuwa kwanza jina la mtu wa kuchekesha jukwaani. Aliyelipa umaarufu katika miaka ya 1830 alikuwa mwigizaji mzungu, Thomas D. Rice, aliyejipaka masizi usoni ili amwigize mtu mweusi. Basi anayefyatua bastola ni kinyago, na kinyago hicho kilichongwa na mzungu kwa ajili ya kuwafurahisha wazungu. Video yaonyesha watu weusi wakiuawa na sura waliyobuniwa. Katika picha za mwisho kinyago kimeanguka. Aliyekuwa akicheza sasa akimbia, na yule aliyeruhusiwa kila kitu alipokuwa akiburudisha haruhusiwi hata kuishi alipoacha.

Jibu hili lamtosha mpiga gitaa, lakini haliitoshi kwaya. Mpiga gitaa tulimwona akiingia na kuketi, tulimsikia akipiga, na karibu na mwisho arudi, kichwa kingali kimefunikwa, akipiga tena. Kwaya yapewa sekunde chache tu, kisha yaanguka yote kwa pamoja na hairudi. Wale 9 wa Charleston walikuwa wamehudhuria darasa la Biblia. Walikuwa na majina na wazee wao na watoto wao. Ikiwa kwaya yawasimamia, basi imewasimamia kwa idadi tu, kama mshtuko wa kutuamsha sisi. Yawezekana kusema kwamba hilo ndilo kusudi, kwa kuwa magazeti nayo huwasahau upesi namna hiyo. Lakini kuiga dhuluma hakutoshi kuwa hukumu juu yake. Mtunzi aliyejua kumrudisha mfu mmoja aliweza kuwarudisha na wengine, walau kwa sauti.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kama fumbo juu ya mtazamaji, video ya "This Is America" ni kazi ya daraja la juu. Kama kilio cha haki kwa waliokufa, imepunguka, na imepunguka mahali pale ilipokusudia kutushtua zaidi. Kidole chake chatuelekea sisi tutazamao, nacho hakikukosea, lakini waliouawa nao walistahili kuonyeshwa kwa kidole hicho hicho, na kwa ukaribu wa "hawa," si kwa umbali wa "wale."