Udhalimu Unaoshikika Mkononi

Waongozaji wengi wakitaka kutuonyesha serikali inayommiliki mtu mwili na roho, huleta majeshi, vifaru na miji inayoteketea. Wanuri Kahiu, Mkenya mwenzetu, alitumia chupa ya maji, kidonge na kibali. Filamu yake Pumzi, ya mwaka 2009, haifiki hata nusu saa, lakini imebeba dola nzima.

Dunia imekauka baada ya Vita vya Maji. Waliosalia wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa, chini ya Baraza. Jasho na mkojo husafishwa vikanywewa tena. Umeme hutokana na nguvu za watu wanaofanyishwa mazoezi mashineni. Asha, mtunzaji wa makumbusho, akiota mti wa kijani, mtambo humwamuru ameze dawa ya kuzuia ndoto. Akiomba kibali cha kutoka ili akapande mbegu iliyochipua mikononi mwake, ananyimwa.

Mtazame fundi kazini. Hakuna mtawala anayehutubia. Wahusika karibu hawafungui vinywa. Maneno yao hupitia kwenye mitambo, nasi tunang'amua kwamba hata sauti zao si mali yao tena. Anayemsaidia Asha kutoroka ni mfanya usafi wa chooni. Uasi wenyewe ni kupanda mti. Kila wazo zito limepewa kitu cha kushikika, kisha kamera ikaachiwa ieleze.

Huku Kericho na Bomet, ambako mvua ya alasiri ni desturi na mto Nyangores huteremka kutoka msitu wa Mau, jangwa la Asha ni geni. Lakini kibali chake tunakifahamu. Chini ya wakoloni, mwanamume Mwafrika alining'iniza kipande, yaani kitambulisho cha lazima, shingoni ndani ya kikopo cha chuma, na bila hicho alikamatwa. Mwaka 1934 ikatungwa sheria mahsusi ya kuuhamisha ukoo wa Talai, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, kwa kuwa wakoloni waliuona kuwa chimbuko la uasi. Wazee, wanawake na watoto walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye joto, mbung'o na malaria, huku nyuma yao mashamba ya chai yakizidi kutanda vilimani.

Ndiyo maana naisifu Pumzi nikiwa katika nchi ya chai. Hadithi ya wakati ujao imeyanoa macho yetu yauone wakati uliopita. Aliyeliona Baraza likimnyima Asha ruhusa ataelewa jinsi ukoo mzima unavyoweza kung'olewa kwao: bunduki huja baadaye, kwanza huja karatasi, mhuri na orodha ya majina.

Kijana wa Kericho au Bomet anayetaka kusimulia kisa cha Talai kwa filamu asingoje fedha za kuijenga Gwassi upya. Achague kikopo kimoja cha kipande, akipige picha kwa subira, aonyeshe kamba inavyokwaruza shingo, halafu anyamaze. Mtazamaji ana akili. Yaliyobaki atayajaza mwenyewe. Kumwamini mtazamaji kiasi hicho ni ujasiri, na bila ujasiri huo hakuna filamu ya uasi, hata ikijaa milipuko.