Okestra, Fidla na Gitaa la Solo: Tatizo la Kuhakiki Muziki wa Kisangani

Tangazo la tamasha linaloeleza kwamba okestra ya jimbo itashirikiana na mpiga solo mgeni huonekana, kwa mtazamo wa kwanza, kuwa halihitaji ufafanuzi. Msikilizaji wa Ulaya hufikiria mara moja safu za fidla, kiongozi mwenye kijiti, na mpiga fidla aliyealikwa kusimama mbele ya wenzake. Mjini Kisangani maneno hayohayo huleta picha nyingine kabisa. Okestra huko ni bendi ya dansi, na solisti ni mcharaza gitaa. Makala haya yanakusudia kubainisha kwamba tofauti hiyo si ya msamiati pekee, bali inagusa vigezo ambavyo mhakiki wa Kiswahili anapaswa kuvitumia anapoupima muziki wa mji huo.

Matumizi ya neno okestra kwa maana ya bendi ya magitaa yana historia ndefu. Bendi ya OK Jazz, iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1956 na kuongozwa baadaye na Franco, ilikuja kuyafasiri mapema maandishi ya jina lake kuwa ni okestra ya watu wa Kinshasa. Wanamuziki wa Kongo waliohamia Afrika Mashariki walilichukua neno hilo pamoja na ala zao. Dar es Salaam ilipata Orchestra Maquis Original na Orchestra Makassy. Nairobi ikapata Orchestra Virunga ya Samba Mapangala. Remmy Ongala, mzaliwa wa upande wa Kindu, juu ya mto uleule unaopita Kisangani, aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Makassy, kisha akapata sifa kubwa zaidi akiwa na Orchestra Super Matimila. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba msikilizaji wa Kisangani analitumia neno hilo kimakosa. Analitumia kwa maana iliyokwisha kukomaa katika eneo kubwa la wasemaji wa Kiswahili.

Wakati huohuo, Kiswahili kinayo maana nyingine ya okestra, nayo inatoka Unguja. Vikundi vya taarabu kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, kilichoanzishwa mwaka 1958, vilifuata baadaye mfano wa vikundi vikubwa vya Misri: fidla kadhaa, ganuni, udi, nai, akodiani na ala za besi. Hivyo fidla si ala ngeni katika masikio ya Waswahili. Imekwisha kupewa kazi, nafasi na ladha yake.

Ikiwa ni hivyo, kinachozitenganisha okestra hizi si aina ya ala tu, bali ni uhusiano wa mtu mmoja na kundi lake. Katika tamthilia ya ala ya Kizungu iitwayo koncheto, mpiga solo na okestra husimama kama pande mbili. Katika koncheto ya fidla ya Beethoven ya mwaka 1806, okestra hupiga kwa muda mrefu kabla fidla haijasikika; mgeni anangojewa, na kuingia kwake ni tukio. Katika taarabu, fidla nyingi hufuata mahadhi yaleyale kwa pamoja, kila mpigaji akiyatia urembo wake mdogo, na kati ya beti hujibu sauti ya mwimbaji. Ubingwa wa mpigaji hujulikana kwa namna anavyoyaheshimu maneno. Katika dansi ya Kongo, solisti huanza akiwa amefichika nyuma ya waimbaji. Inapofika sebene, maneno hurudi nyuma, gitaa la solo hutangulia, na wachezaji huingia uwanjani. Hapa solo haikusudiwi kusikilizwa kwa ukimya. Inakusudiwa kujibiwa kwa miili.

Kisangani inastahili kuzingatiwa kwa sababu ni mahali ambapo njia hizi zilikaribiana bila kukutana sawasawa. Kiswahili kilifika huko na misafara ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyefanywa liwali wa maporomoko hayo mwaka 1887. Huo ulikuwa mwisho wa enzi ya Seyyid Barghash, mtawala wa Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, ambaye inasimuliwa kwamba alimpeleka mwanamuziki Misri kujifunza ganuni. Njia ya pembe za ndovu ilileta lugha, lakini taarabu haikustawi huko kama ilivyostawi pwani. Kutoka magharibi, meli za mtoni na redio zilileta gitaa la Kinshasa pamoja na Kilingala. Basi msemaji wa Kiswahili wa Kisangani ameshikana na pwani kwa ulimi, na na Kinshasa kwa sikio. Mhakiki anayempima kwa sikio la Unguja atamwona amepungukiwa. Mhakiki wa Kinshasa naye huenda asikisikie Kiswahili chake kabisa.

Hatari nyingine ya uhakiki inaonekana katika mapokezi ya okestra ya simfonia ya Wakimbangu ya Kinshasa, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994. Filamu ya Kinshasa Symphony ya mwaka 2010 iliitangaza duniani. Tangu hapo, mengi yanayosemwa juu yake ni habari za umeme kukatika, fidla chache kushirikiwa na wengi, na waya wa breki ya baiskeli kufungwa mahali pa uzi uliokatika. Habari hizo zina thamani yake. Lakini sifa inayoishia hapo humnyima mpigaji haki anayopewa mwenzake wa Ulaya: haki ya kuulizwa kama sauti yake imesimama, kama amelielewa fungu analolipiga, kama amelipa maana mpya. Huruma si uhakiki.

Kisangani nayo imeathiriwa na desturi hiyo. Tangu majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana mjini humo kwa siku 6 mwezi Juni 2000, kazi ya sanaa itokayo huko aghalabu husomwa kama ushahidi wa vita. Studios Kabako, iliyoanzishwa na Faustin Linyekula mwaka 2001 na kuhamia Kisangani mwaka 2006, inatoa mfano wa kufaa. Katika onyesho la mwaka 2009 liitwalo more more more… future, Linyekula alimweka mpiga gitaa Flamme Kapaya na bendi yake jukwaani pamoja na wachezaji, na kutumia maneno ya Antoine Vumilia Muhindo, mshairi aliyekuwa amefungwa gerezani. Ni rahisi kuzungumza juu ya gereza na kusahau gitaa. Hata hivyo, uzito wa kisanaa wa kazi hiyo uko katika swali la muziki: itakuwaje gitaa la dansi, lililozoea kuitikiwa kwa furaha na majina ya matajiri, likipewa maneno yasiyomsifu mtu? Solisti hapo hashindani na kundi, wala hachezeshi tu. Anabeba ushahidi ambao mwenye maneno hayupo kuutoa.

Kutokana na hayo, vigezo vitatu vinaweza kupendekezwa. Kwanza, mhakiki aeleze ni okestra ya maana ipi inayozungumzwa kabla ya kuihukumu. Pili, aonyeshe mpiga solo anajibiwa na nani: okestra, mwimbaji, mchezaji au hadhira iliyonyamaza. Tatu, mazingira ya kazi yaelezwe kama mazingira, yasigeuzwe kuwa kipimo cha ubora.

Ikitokea siku mpiga fidla mgeni akasimama mbele ya okestra mjini Kisangani, hadhira itakuwa na sikio lililokwisha kufunzwa na sebene. Yamkini itamngojea avuke mipaka ya ukimya na kuwaita watu wainuke. Asipofanya hivyo, na watu wakakaa kimya, kimya hicho kisitafsiriwe haraka kuwa ni kutoelewa. Huenda wanangoja zamu yao ya kujibu.