Ufuasi wa Dawa na Tafsiri ya Kipimo Chake

Kiasi ambacho mgonjwa anatumia dawa kama alivyoandikiwa na daktari huitwa ufuasi. Wako wanaopendelea utii. Hatuafikiani nao: taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2003 ilitilia mkazo ridhaa ya mgonjwa, na mtii haombwi ridhaa.

Kosa zito zaidi limo katika tafsiri ya maswali ya kupimia. Mwaka 1986 Morisky na wenzake walitoa maswali 4 ya ndiyo au hapana, waliyoyajaribu kwa wagonjwa wa shinikizo la damu. Kila “ndiyo” ni alama 1, na alama zikizidi, ufuasi ni hafifu. Swali moja lahusu kusahau. Mfasiri akiandika “Je, umewahi kusahau kumeza dawa?”, aliyesahau mara moja miaka 5 iliyopita atajibu ndiyo, naye ni mkweli. Akiandika “Je, huwa unasahau?”, mtu yuyo huyo atajibu hapana, kwani si mazoea yake. Alama imebadilika, mgonjwa hakubadilika. Kwa maoni yetu yafaa “Je, kuna nyakati unasahau kutumia dawa?” (Kumeza kunamwacha nje mwenye kujidunga insulini.)

Kuhesabu vidonge vilivyobaki hakuna utata huo wa lugha, ingawa kidonge kilichotupwa nacho huhesabiwa kuwa kimemezwa. Kwa hiyo maswali yataendelea kutumika, na hojaji moja iliyopita mikononi mwetu ilichanganya umewahi na huwa katika ukurasa mmoja.