Pete ya Silikoni Inavyotambua Protini

Vihisio vya mwanga vinavyojengwa juu ya chipu hutambua kemikali na molekuli za uhai kwa kupima jinsi zinavyouchelewesha mwanga. Mfano bora ni pete iliyoelezwa mwaka 2007 na Katrien De Vos na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji.

Mwanga wa infraredi hupita katika utepe wa silikoni wenye upana usiofika mikromita moja, uliolazwa juu ya oksidi ya silikoni. Silikoni hupunguza mwendo wa mwanga takriban mara 3.5, oksidi mara 1.44, na maji mara 1.3 hivi. Tofauti hiyo kubwa huubana mwanga usivuje hata kwenye kona kali, ndiyo maana utepe uliweza kukunjwa kuwa pete yenye nusu kipenyo cha mikromita 5 tu. Hata hivyo, sehemu ndogo ya mwanga husafiri nje ya utepe na kufifia kabla ya kufika mbali. Sampuli hukutana na mwanga katika ukanda huo mwembamba.

Leza hupitishwa kwenye utepe ulionyooka kando ya pete. Mwanga hujikusanya ndani ya pete pale tu mzingo wake unapoenea mawimbi kamili, bila kipande kubaki. Molekuli zikinata juu ya pete, mwanga huchelewa, na urefu wa wimbi unaokubaliwa huongezeka. Kwa kuwa mwanga huzunguka mara nyingi, pete ndogo hufanya kazi ya njia ndefu.

Uteuzi wa kinachonaswa huachiwa kemia. Huko Ghent uso ulipakwa biotini, vitamini ya kundi B inayoshikamana kwa nguvu na avidini, protini ya ute mweupe wa yai. Avidini ilitambuliwa hadi nanogramu 10 kwa mililita. Katika uchunguzi wa magonjwa, kingamwili huchukua nafasi ya biotini.

Ugumu mkubwa ni ishara za uongo. Joto likipanda nyuzi moja tu, urefu wa wimbi unaokubaliwa husogea mara nyingi zaidi ya badiliko dogo kabisa linalosomeka. Kwa hiyo pete ya pili, iliyofunikwa isiguse sampuli, huwekwa jirani na usomaji wake hutolewa kwenye ule wa kwanza. Sampuli ikiwa ya damu, protini zake nyingine huzuiwa kunata kwa kupaka uso polima zinazopenda maji. Bila kinga hizo mbili, wepesi wa pete kuhisi haumsaidii mpimaji.