"Kupandisha" Buibui: Neno la Zizini Lililopotea Njia

Tumeletewa tuikague tafsiri ya mwongozo wa walimu wa sayansi juu ya ufugaji wa buibui wasukao tando za duara. Lugha yake ni nyepesi, na mfasiri hakuwa mvivu: "utando", "uzi" na "kifuko cha mayai" amevitumia mahali pake. Lakini sura ya kuzalisha ameipa kichwa "Kupandisha Dume na Jike", na hapo ndipo tunapohitilafiana naye.

Kupandisha ni neno la zizini. Mfugaji humpandisha ng'ombe wake kwa fahali: huwatia pamoja, fahali akapanda, kazi ikaisha. Msomaji alionapo neno hilo huja nalo desturi zote za zizi, na mwongozo wazidi kumpoteza uagizapo kwamba dume na jike "wawekwe katika chupa moja". Mwalimu atakayetii huenda asubuhi akakuta miguu ya dume imesalia chini ya chupa na jike ameshiba. Kosa halitakuwa lake.

Mambo ya buibui ni mengine. Katika jenasi ya Trichonephila, ambayo hadi 2019 aina zake zilihesabiwa katika Nephila, na ambayo hata huku Afrika Mashariki yaonekana, jike aweza kufikia sentimita 3 hivi kwa urefu wa mwili, ilhali dume ni milimita chache tu. Dume hukaa ukingoni mwa utando wa jike akivizia. Mara nyingi husogea wakati jike ameshughulika na windo. Kwa hiyo jike hana budi kupewa nafasi ya kusuka utando wake kwanza, kisha apewe nzi au panzi, ndipo dume aachiwe pembeni. Kwa Argiope bruennichi wa Ulaya hata hadhari hiyo haitoshi, kwani madume wengi huliwa katika tendo lenyewe.

Twapendekeza "kukutanisha". Wenzetu wengine walipenda "kujamiisha". Ni sahihi kwa tendo, lakini laruka yote yanayolitangulia, nayo ndiyo hasa kazi ya mfugaji.

Kosa la pili ni dogo kwa macho, kubwa kwa madhara. Mfasiri ameviita "vipapasio" vile viungo viwili vifupi vilivyo mbele ya miguu. Vipapasio ni vya wadudu. Buibui hana, wala si mdudu kwa hesabu ya wanasayansi, ingawa mitaani twamwita hivyo bila kuona haya. Dume aliyekomaa husuka kijitando, akadondoshea shahawa juu yake, kisha akazifyonza kwa viungo hivyo, na kwa hivyo hivyo humtilia jike. Ncha zake zikishavimba mfano wa ngumi, mfugaji ajue dume yu tayari. Atafutaye vipapasio hataitambua dalili hiyo.

Tulijaribu "mkono-mbegu", tukaridhika nao kwa muda wa nusu saa. Halafu mmoja wetu akauliza: na jike je? Naye anavyo viungo hivyo, na havibebi mbegu yoyote. Tumekubali "pedipalpi", na ncha iliyovimba ya dume tumeiita "tunguu la pedipalpi". Muswada umerudishwa kwa mfasiri, na agizo la chupa tumelifuta.