Reli, Upepo na Maji: Jinsi ya Kuchora Njia ya Mbio Kutoka Nkuhungu

Kutoka Dodoma mjini hadi Bahi ardhi inashuka karibu mita 300 katika mwendo wa kilomita hamsini na kitu. Macho hayauoni mteremko huo. Ukiwa ndani ya basi la Singida utaapa kwamba nchi yote ni tambarare kama ua lililofagiliwa. Mkimbiaji aliyetoka Nkuhungu, upande wa magharibi wa mji, alfajiri kuelekea magharibi zaidi huutambua anapogeuza. Kwa wastani, ukiacha vilima na mabonde madogo ya njiani, kila kilomita inashuka mita 5, na kadiri alivyokwenda mbali ndivyo deni la kupanda linavyoongezeka wakati wa kurudi, jua likiwa limeshatoka.

Naanza na mteremko kwa makusudi. Siku hizi vikundi vya mbio za pole ni vingi Dodoma, na njia nyingi huchorwa kwa namna moja: mtu anataja majengo ya kihistoria anayoyajua, anayaunganisha kwa mstari kwenye simu, kisha anawaalika wenzake. Nadhani kazi hiyo inaanzia mwisho. Katika nchi kavu kama Ugogo, yaani nchi ya Wagogo inayouzunguka mji huu, anayechora njia hana budi kuanza na mwinuko, maji, upepo na aina ya udongo. Akishavipanga vizuri, historia ataikuta njiani, kwa sababu waliojenga stesheni, barabara na vijiji vya hapa walibanwa na mambo hayohayo.

Reli ya Kati ni ushahidi wa kwanza. Ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mkandarasi alikuwa kampuni ya Kijerumani ya Philipp Holzmann. Treni ya mvuke inashindwa na mambo mawili kabla ya mengine yote: kupanda mlima na kukosa maji. Kwa hiyo wapimaji wa reli walitafuta ukanda wenye mwinuko mdogo kuliko wote, wakaizunguka milima ya mawe badala ya kuikwea, na palipokuwa na korongo wakajaza tuta na kuweka kalvati. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mtu wa Nkuhungu anayetaka kufika katikati ya mji bila kupandisha mapigo ya moyo ovyo hana mwongozo bora kuliko mstari huo.

Hapa lazima niwe wazi. Nasema mkimbiaji aufuate mwelekeo wa reli kwa kutumia mitaa iliyo sambamba nayo. Juu ya reli yenyewe hapakimbiliki. Mataruma hayakupangwa kwa hatua ya binadamu: moja moja ni karibu mno, na ukiruka mawili unanyoosha mguu kupita kiasi. Kokoto zinapindua kifundo. Zaidi ya hayo, eneo la reli si njia ya umma na treni bado zinapita. Reli mpya ya SGR, iliyoanza kuleta abiria Dodoma katikati ya mwaka 2024, imezungushiwa uzio na treni zake hukimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Huko vuka kwenye vivuko rasmi tu, hata kama kivuko kinakuongezea nusu kilomita. Ihesabu ndani ya mazoezi.

Ukifuata ukanda huo unaingia mjini kupitia stesheni ya zamani, na hapo napenda watu wapunguze mwendo. Tarehe 29 Julai 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer yaliingia Dodoma, na reli ikakatika mikononi mwa Wajerumani. Kwa Wagogo vita ile haikuishia kwenye mapigano. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na mvua ilipokosekana ikafuata njaa kubwa inayokumbukwa kwa jina la Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Stesheni ile ni jengo la kupendeza kupigia picha, lakini mizigo iliyopita pale ilikuwa na gharama yake, na anayewaongoza wakimbiaji wageni anatakiwa kulisema hilo akiwa amesimama mbele ya jengo.

Kutoka hapo alama zinakuja kwa karibu: hoteli ya enzi za reli, Uwanja wa Nyerere wenye sanamu ya Mwalimu, makanisa makuu na Msikiti wa Gaddafi. Ukaribu huo una sababu. Mji wa zamani ulishikamana na stesheni, na barabara kuu ya kaskazini hadi kusini ilikuja kuikata reli hapohapo. Hata ndege za Imperial Airways zilizokuwa zikisafiri kwenda Afrika Kusini miaka ya 1930 zilitua Dodoma, baada ya Moshi na kabla ya Mbeya. Kwa mkimbiaji maana yake ni kwamba historia ya karne moja inaenea katika kilomita 2 hivi. Kwenda na kurudi Nkuhungu kunakupa kilomita 10 hadi 12, kutegemea unatokea mtaa gani.

Sasa upepo, ambao wachoraji wengi wa njia huusahau kabisa. Dodoma ni mji wa upepo, na sehemu kubwa ya kiangazi unavuma kutoka mashariki na kusini-mashariki. Nkuhungu iko upande wa magharibi wa mji. Basi ukienda mjini upepo unakupiga usoni, ukirudi unakusukuma mgongoni. Wengi watasema huo ndio mpango mzuri: taabu mwanzo, raha mwisho. Mwezi wa Juni au Julai, alfajiri joto likiwa nyuzi 13 au 14, nakubaliana nao.

Oktoba na Novemba hesabu inageuka. Tuseme unakimbia kilomita 10 kwa saa na upepo unavuma kwa kasi hiyohiyo. Ukiwa mgongoni, mwili wako unakuwa kama umesimama mahali pasipo upepo: jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Upepo huohuo ukiukabili, hewa inakupita kwa kilomita 20 kwa saa. Unapunguza mwendo, ni kweli, ila damu inapoa. Katika miezi hiyo afadhali uanze kwa kwenda magharibi, upande wa mashambani, wakati bado kuna ubaridi, kisha urudi ukiukabili upepo joto linapopanda. Gharama yake ni jua la asubuhi machoni na ule mwinuko wa kurudi, kwa hiyo vaa kofia yenye ukingo na ufupishe umbali.

Kwa maneno mengine, Nkuhungu haina njia moja. Ina mbili, ya mjini kwa majira ya baridi na ya mashambani kwa majira ya joto, na anayetumia moja mwaka mzima anajiumiza bure.

Jambo dogo kwa wageni wa kutoka pwani. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa unapungua kwa karibu asilimia 12 kuliko Dar es Salaam. Siku za mwanzo usijipime kwa saa, jipime kwa pumzi. Tena, kwa kuwa tuko magharibi zaidi, jua letu huchomoza dakika 14 hivi baada ya la Dar, kwa hiyo aliyezoea kuanza saa 12 kamili kule atajikuta gizani hapa.

Njia ya mashambani ndiyo ninayoipenda zaidi. Ukishaviacha viwanja vilivyopimwa unakuta mtama, uwele, alizeti na karanga, mibuyu ikiwa imesimama mbalimbali, na vilima vya mawe ya matale vilivyo sehemu ya miamba ya kale kuliko karibu yote Afrika Mashariki, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Hakuna kibao wala mnara. Alama ya kihistoria huku ni tembe, nyumba ya Kigogo yenye paa bapa la udongo na ukuta mfupi, iliyojengwa kuzunguka ua wa ng'ombe. Ni jengo la watu wanaoujua upepo na wanaojua kwamba mvua ya mwaka mzima, milimita 600 hivi, haihitaji paa la mwinuko mkali. Baada ya Operesheni Dodoma ya 1971, watu walipohamishiwa vijijini, na baadaye bati lilipoenea, tembe zimezidi kuwa chache. Ukiiona ambayo bado inakaliwa, usiingie uani na simu mkononi. Salimia kwanza, "Mbukwenyi," usubiri kuitikiwa.

Kuhusu maji, wapagazi wa karne ya 19 walituachia mbinu. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita kusini ya mji wa leo, maeneo ya Mvumi, na watemi wa Kigogo walitoza hongo hasa kwa sababu walishika visima. Kabla ya kuingia Ugogo palikuwa na nyika isiyo na maji, Marenga Mkali, baada ya Mpwapwa. Msafara haukuikabili asubuhi kama kawaida. Walikunywa na kupika mchana, wakaondoka alasiri kwa mwendo waliouita telekeza, wakalala bila maji, wakamalizia alfajiri kabla ya jua kali. Waligawa ukame katika vipande viwili vya ubaridi na kuliruka joto la katikati. Mkimbiaji wa leo anayetaka kilomita 25 mwezi wa Novemba anaweza kufanya hivyohivyo: kilomita 15 alfajiri, 10 baada ya saa 11 jioni. Mwili unapata kazi ileile bila kupikwa. Na maji abebe mwenyewe, asitegemee bomba la shamba la mtu.

Udongo nao una kanuni zake. Juu, ambako ni mwekundu wa kichanga, raba yoyote inafaa kiangazi. Chini kwenye mbuga za udongo mweusi, mvua ikinyesha kati ya Desemba na Aprili, kila hatua inanyanyua kilo za tope, na kiangazi ardhi ileile inapasuka nyufa zinazoweza kumeza kisigino. Makorongo yanavutia kwa mchanga wake laini, ila kukimbia kwenye mchanga kunatumia nguvu mara moja na nusu au zaidi ya ardhi ngumu. Mita 300 zinatosha kuimarisha miguu, kilomita 3 ni kuitafuta homa. Mawingu yakiwa meusi upande wa juu, usiingie korongoni hata kama hapo ulipo ni pakavu. Chunguza soli ukifika nyumbani: miiba ya migunga hupenya taratibu na utaisikia siku ya tatu.

Kupima umbali ndiko kunakoleta ugomvi katika vikundi, kwa kuwa kila simu inatoa jibu lake. Simu hukata kona na huyumba karibu na majengo. Njia za mashindano rasmi hupimwa kwa baiskeli: gurudumu linasawazishwa kwanza kwenye urefu uliopimwa kwa tepu ya chuma, kisha mpimaji anaendesha kwa mstari mfupi kuliko yote anaoweza kupita mkimbiaji, sentimita 30 kutoka ukingo, na mwishowe anaongeza mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikawa pungufu. Marathoni inapata nyongeza ya mita 42. Kanuni za rekodi zinataka pia njia isishuke zaidi ya mita 1 kwa kilomita kutoka mwanzo hadi mwisho, ndiyo maana mbio za kwenda moja kwa moja hadi Bahi zisingehesabika kamwe: zinashuka mara tano ya kiwango. Kikundi cha Nkuhungu hakihitaji rekodi, lakini baiskeli moja, tepu na asubuhi mbili za subira zitawapa kilomita za kweli, na wataweza kulinganisha muda wa mwaka huu na wa mwaka ujao.

Na muda wa kulinganisha unastahili heshima katika uwanda huu. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, alishinda New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwezi Septemba 2025, akimzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Njia za udongo mwekundu na upepo ndizo nchi yao.

Linalonitia wasiwasi ni ramani. Mpango wa mji mkuu wa 1976, ulioandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto kwa ajili ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ulithamini mtembea kwa miguu na kuviacha vilima na mabonde kuwa nafasi za wazi. CDA ilivunjwa 2017. Wakazi wa jiji walikuwa 410,956 katika sensa ya 2012, wakawa 765,179 mwaka 2022. Viwanja vinasogea magharibi, na barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112.3, iliyowekewa jiwe la msingi Februari 2022, inapita Nala, upande huohuo wa magharibi, ikikatiza njia za ng'ombe na za miguu ambazo ndizo hasa mkimbiaji anazitumia. Njia ya miguu isiyo kwenye ramani ya mipango miji haina mtetezi siku kiwanja kinapogawiwa. Vikundi vya Nkuhungu vikishaipima njia yao kwa baiskeli, vipeleke mchoro huo kwa ofisi ya kata na kwa idara ya mipango miji ya jiji, vikionyesha mahali pa kuvukia barabara ya mzunguko na upana unaotakiwa, mita 3 zinatosha, kabla wapima viwanja hawajapiga bikoni zao.